Oili ya Wenye Nacho

Mke wa Tajiri alikuwa na tabia ya kusema sana kichwa chake kikiwa mikononi mwa mtu. Kadiri msusi alivyovuta nywele ndivyo maneno yalivyomtoka. Siku ile alikaa kwenye kigoda cha baraza ya nyuma, miguu kainyoosha juani, na msusi kasimama nyuma yake na kitana, akisikiliza. Kusikiliza ni nusu ya kazi ya ususi, na nusu hiyo hailipwi.

"Nasikia mumeo anataka kubeba wafanyakazi wa kiwanda," mke wa Tajiri alisema.

"Wakimkubali, dada. Jumatatu wanakuja kulikagua gari."

"Lile gari letu?"

Msusi aliuvuta msuko kuliko ilivyohitajika. Gari lilikuwa la kwake na mumewe. Walilinunua kwa Tajiri mwenyewe, wakalilipa mpaka wakamaliza, na karatasi wanazo. Lakini katika baraza ile gari halikuwahi kuhama.

"Ndiyo, dada. Lile."

"Na ule moshi wake?"

"Upo, asubuhi likiwa baridi. Likishapata moto unapungua."

"Mume wangu magari yake ya kutembelea yote anatia oili ya sintetiki," mke wa Tajiri alisema, akijikuna shingo. "Anasema inasafisha injini, gari linakuwa kama limetoka kiwandani jana. Lile lenu alikuwa analitia ile ya kupima, ya kwenye pipa. Anasema gari la biashara ukilidekeza linakupanda kichwani." Akacheka peke yake. "Mwenzangu, usinifinye basi."

Msusi aliomba radhi, akaendelea kusuka. Ila maneno yale yalikwisha kumkaa moyoni. Kumbe kulikuwa na oili ya magari ya wenyewe na oili ya magari ya wahangaikaji, na miaka yote ile mumewe akiliendesha gari la Tajiri, wamekuwa wakilinywesha makapi. Ndiyo maana linakohoa. Mtu gani angenyweshwa makapi miaka yote asikohoe?

Tena alikijua kikohozi kile maana yake ni nini. Kiwanda kilitaka gari la kuwachukua wafanyakazi wake alfajiri na kuwarudisha jioni, kila siku ya kazi, mvua inyeshe jua liwake. Mumewe akiipata kazi ile, hatagombea abiria kwenye kijiwe tena. Akiikosa, gari halitaweza kuwalisha na kujilisha lenyewe, na yeye atarudi pale pale alipotoka: kusimama nje ya geti la Tajiri kila asubuhi akingoja arushiwe funguo, na jioni kusimama tena arudishe hesabu, huku mlinzi akimwambia bosi anakula, subiri. Mumewe aliapa kwamba getini pale hatasimama tena akiwa hai. Na kiapo kile msusi alikiona kama nyumba waliyoijenga wawili.

*

Wiki ile alikuwa amepokea zamu yake ya upatu. Pesa ilikuwa na kazi yake: draya ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, ili aache kufuata vichwa majumbani kwa watu, vichwa vimfuate yeye. Aliipita njia ya kwenda kwenye draya, akaingia duka la vipuri.

"Nataka oili ya sintetiki," alisema.

"Namba ngapi?" Muuzaji alikuwa na miwani kaipandisha kwenye paji la uso, hivyo hakuwa akimwona vizuri wala hakutaka.

"Ile nzuri."

"Zote nzuri, mama. Gari gani?"

"La mume wangu."

"Hiyo kampuni siijui," muuzaji alisema, na wanaume wawili waliokuwa wameegemea kaunta wakacheka, mmoja mpaka akakohoa.

Msusi alihisi uso unamchoma. Pengine angeuliza, na pengine angejibiwa kiungwana, ila mtu akishachekwa masikio yake yanaziba. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu kabisa, penye madumu yanayong'aa.

"Ile pale."

Muuzaji alimtajia bei kwa sauti ya kumfukuza. Msusi akafungua kanga kiunoni, akatoa pesa, akaiweka juu ya kaunta. Kicheko kikakatika pale pale. Ilikuwa raha ndogo, na aliilipia kwa draya.

"Hii ni nyepesi sana, lakini," muuzaji alisema, ila pesa alikwisha kuishika. "Ni ya magari mapya."

"Na letu litakuwa jipya," msusi akasema.

*

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na kipande cha ua. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, na jirani wa chumba cha pili alikuwa amekuja kuazima jiko akanogewa na umbea. Mumewe alikuwa analiosha gari. Jina lake la mjini lilikuwa Taratibu, kwa sababu aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Abiria wenye haraka walimtukana, na abiria wenye wagonjwa walimtafuta.

Msusi aliliweka dumu mbele yake, mbele ya wote.

"Nini hii?" Taratibu aliuliza.

"Sintetiki. Ya Jumatatu."

Jirani akapiga kofi la mshangao, akasema wanawake kama hawa wamekwisha duniani, yeye mwenyewe hata plagi hajawahi kumnunulia mumewe. Taratibu alijifuta mikono kwenye suruali, akalichukua dumu, akaligeuza, akasoma maandishi ya nyuma muda mrefu kama anayesoma barua ya mahakama.

"Ahsante, Mama Watoto," alisema. "Ahsante sana."

Alisubiri mpaka jirani kaondoka na jiko. Ndipo akamfuata mkewe karibu na bomba, akasema kwa sauti ya chini, "Hii gari ni mzee. Imezoea ile nzito. Tangu kwa Tajiri ni ile tu, ikipungua tunaongeza, haijamwagwa ikaisha. Sijui ukiibadilishia ghafla inakuwaje."

"Kwa hiyo pesa yangu nimeitupa."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Yenye kufaa magari yao haifai letu. Na wewe umekubali." Alikuwa hataki kulia, akainamia ndoo. "Wakija Jumatatu wakakuta moshi, utawaambia gari ni mzee? Si watakwambia kalilaze?"

Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa mambo yote isipokuwa yale aliyofichwa, alisema kutoka mlangoni, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mama, tafadhali," Taratibu alisema.

"Mimi naongea na mchele."

Taratibu alimtazama mkewe pale alipoinama, shingo yake, mikono iliyovimba kwa kusuka vichwa vya watu. Alijua pesa ile ilikuwa ya nini. Picha ya draya ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Mwanamume mwingine angegomba. Yeye, kama kawaida yake, alikata kona polepole.

"Kesho twende kwa Kidole," akasema. "Tukaibadilishe."

*

Fundi Kidole aliitwa hivyo kwa sababu ya kidole alichokosa, ambacho kila mteja alisimuliwa habari zake kwa namna tofauti. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye kivuli cha mabati na udongo mweusi uliolewa oili. Alilifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akalitazama dumu.

"Mmeula," alisema. "Nani kashinda bahati nasibu?"

"Mke wangu kanunua," Taratibu alisema, na msusi akajisikia vizuri sana. Baadaye atakuja kulikumbuka neno lile na kutamani asingelisikia.

"Hii injini imezoea uji mzito. Ukiipa maji inaweza kuharisha," Kidole alisema, akicheka. Kisha akaona uso wa msusi, akaona pia kwamba kazi ni kazi na siku ilikuwa kavu. "Lakini itakaa sawa. Tatizo ni uchafu wa ndani. Tutaisafisha kwanza kwa dizeli, oili mpya ikute nyumba imefagiliwa. Mimi magari yote nafanya hivyo."

Walipofungua bulungi ya chini, ile nati ya kumwagia oili, hakikutoka kitu. Kidole akachokoa kwa waya, na hapo ndipo ilipoanza kushuka, nyeusi, kwa mabonge, ikikatika na kuunga. Msusi alifunika pua kwa kanga. Kidole akamimina dizeli, akawasha injini, akaiacha ingurume kwa shida, akamwaga tena. Akabadilisha filta. Ndipo akafungua dumu jipya, na oili ikashuka kwenye faneli rangi ya asali, safi kiasi kwamba wote watatu walisogea kuitazama.

Gari liliwaka papo hapo. Lilitulia. Ule mlio wa kokoto waliouzoea haukuwepo, na Taratibu alishuka akaenda kusimama nyuma ya bomba la moshi, akaweka kiganja, akakitazama. Alitabasamu, na meno yake ya pembeni yalionekana, jambo lililokuwa nadra.

Njiani kurudi msusi alikaa mbele kama abiria wa kulipa. Kwenye dashibodi aliona kipande cha plasta nyeusi kimebandikwa penye taa.

"Hapa pana nini?"

"Taa ya oili. Likiwa limesimama kwenye foleni ilikuwa inawakawaka. Abiria akiiona anaanza maswali, mwingine anashuka. Madereva wote kijiweni tumeziba."

"Wajanja nyie," msusi akasema, akacheka. Taratibu naye akacheka. Walipita barabara ya sokoni vioo vikiwa wazi, na msusi alitamani watu wote aliowahi kuwasuka wawe pale kando ya njia.

*

Jumatatu mkaguzi wa kiwanda alikuja na kalamu sikioni. Aliwasha, akazima, akawasha. Akapiga teke magurudumu. Akauliza gari hili lina miaka mingapi, akaambiwa, akasema halifanani. Jioni ile Taratibu aliambiwa aanze kesho yake, na Bibi akasema yeye tangu mwanzo alijua, ila hakuna aliyemuuliza.

Alfajiri palikuwa na madoa ya oili pale gari lilipolala, matatu au manne, mapana kama visahani. Msusi aliyaona akiwa na ndoo. Akamwonyesha mumewe. Taratibu aliinama, akatazama chini ya injini, akachomoa kijiti akakuta oili ipo. "Inajipangusa," alisema, labda kumtuliza, labda kujituliza. Wafanyakazi walikuwa wanamsubiri kituoni. Msusi akamwaga maji juu ya madoa, akafagia.

Alikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu fulani, aliyetaka kusukwa mapema kabla ya vipindi, simu ilipolia.

"Uko wapi?" Taratibu aliuliza.

"Kazini. Kuna nini?"

"Njoo basi. Njoo tu. Niko kwenye kile kilima cha kiwandani."

Mwalimu alibaki na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akitukana kwa adabu ya kishule. Msusi alipofika alimkuta mumewe ameketi kwenye ukingo wa barabara. Milango minne ya gari ilikuwa wazi. Abiria hawakuwepo. Boneti lilitoa joto na harufu ya chuma kilichoungua, na oili ile ya rangi ya asali ilikuwa imetambaa chini mpaka mtaroni.

"Injini iligonga," Taratibu alisema. "Kwanza kidogo kidogo, nikadhani ni jiwe kwenye gurudumu. Nikasema nipande kilima niwafikishe, wasichelewe siku ya kwanza. Ikagonga kama mtu anabomoa ukuta, halafu ikakata."

"Na abiria?"

"Wamepandia gari jingine. Msimamizi kapiga simu. Kasema pole. Kasema nafasi wameshampa mwingine."

Kule nyuma palikuwa na gari linapiga honi, dereva wake akiwaambia waondoe takataka yao njiani. Waliliondoa. Taratibu alishika usukani dirishani, msusi akasukuma kwa nyuma pamoja na wapita njia wawili, mmoja wao akamwambia, "Dada, toka, utachafuka," naye hakutoka.

*

Kidole aliishusha sampo, bakuli la oili la chini ya injini, akaingiza mkono, akatoa chujio la oili. Lilipaswa kuwa wavu wa chuma. Lilikuwa bonge jeusi, kama ukoko wa uji ulioungulia chunguni.

"Ule uchafu wote wa miaka umeachia kwa pamoja," alisema. "Dizeli imeulegeza, sintetiki imeumalizia, ukashuka ukaziba hapa. Oili haikupanda juu, na kwa wepesi wake nyingine ilikuwa inavuja chini. Injini imekwenda kavu mpaka imenoki." Akalitua chujio juu ya gazeti. "Krenki imekwisha. Hapa hakuna kutengeneza, hapa ni injini nyingine. La kuvunda halina ubani."

"Si wewe uliyesema tuisafishe kwa dizeli?" msusi aliuliza.

"Nilisema. Sikatai, mama. Na magari mengi nimeyasafisha." Kidole alikuwa hamtazami. "Na taa je, haikuwaka?"

Taratibu alitazama kwenye dashibodi. Kidole aliingiza kichwa dirishani, akabandua plasta kwenye dashibodi kwa ukucha, akazungusha funguo. Taa nyekundu ikawaka, imara kabisa, haikufanya kosa lolote. Taratibu aliitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono akazima.

Msusi alingoja aambiwe. Alingoja pale gereji, akangoja njiani, akangoja usiku kucha akiwa amegeukia ukuta wenye picha ya draya. Alikuwa amejiandaa hata na majibu. Lakini mumewe hakumwambia neno, si la kumlaumu wala la kumsamehe, na nyumba ikawa nzito.

Alichokisikia alikisikia akiambiwa watu wengine. Jirani alipouliza, Taratibu alisema, "Nilijitia ujuaji. Nilitaka kulirembesha gari bila kuuliza." Kijiweni, madereva wenzake walipomcheka, alicheka nao: "Mimi mshamba, nimelinywesha kizungu gari la Kiswahili." Bibi naye alimshambulia kila jioni kuhusu zimwi lake, na yeye alisema, "Kweli mama, nilikosa mimi," huku anakula ameinamisha kichwa. Bibi aliiona oili ikiletwa na nani. Lakini mwanawe alikwisha kulibeba kosa, na mama gani atampora mwanawe mzigo ampe mkamwana? Alinyamaza upande huo, akapiga upande ule.

Kila aliposikia mumewe akisema "mimi", msusi alipungua kidogo. Alisuka vichwa viwili viwili bila kukaa. Alikwenda kwa mwalimu yule kummalizia nywele bure, akatukanwa tena. Chakula kilipatikana, karo haikupatikana. Na Kidole, kwa aibu yote aliyokuwa nayo, alianza kuuliza gari litaondoka lini, maana uwanja wake si makaburi.

*

Mwishowe ni mke wa Tajiri aliyeleta habari, kichwa kikiwa mikononi mwa msusi. Mume wake kasikia. Anaweza kulichukua lile gari letu kwa bei ya bodi, ana injini yake stoo atalitia. Na dereva atahitaji. Waje jioni, waje wote wawili, kwa sababu jina la msusi nalo liko kwenye karatasi ya kununulia na itabidi atie sahihi.

Taratibu alipoambiwa aliinuka. Halafu akatafuta shati lake la kola, akalipiga pasi mwenyewe.

Getini mlinzi aliwaambia bosi anakula, wasubiri. Walisubiri. Taratibu alisimama mahali pale pale alipozoea kusimama, kando ya nguzo, kama vile miguu yake ilikuwa na kumbukumbu yake. Msusi alitazama pembeni.

Tajiri aliwapokea barazani, akichokoa meno. Hakuwa mtu mbaya kwa namna watu wabaya wanavyosimuliwa. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukatizwa akizungumza.

"Taratibu, Taratibu," alisema. "Gari nimekaa nalo miaka yote. Linatoa moshi, ndiyo, linagonga kidogo, ndiyo, lakini linakwenda. Wewe umelimaliza kwa siku ngapi? Nilikwambia nini siku nakupa funguo? Ile nzito, ikipungua ongeza. Nilikwambia sikukwambia?"

"Uliniambia, bosi."

"Sasa nani kakutuma?"

"Ujinga wangu, bosi."

"Ujinga. Umesema vizuri." Tajiri alikitupa kile kijiti cha kuchokolea meno. "Unajua watu wengine Mungu kawaumba waendeshe, na wengine wamiliki. Si dharau. Mtu akijijua hapati tabu. Wewe kuendesha unajua, hakuna anayebisha. Kumiliki kunataka akili. Ukikosa akili hata upewe ndege, utaitia maji ya chumvi."

"Ni kweli, bosi," Taratibu alisema.

Alisema kwa sauti ile ile ya kijiweni, sauti ya mtu aliyezoea mzigo mpaka ameupatia mahali pa kukaa begani. Na msusi, aliyekwisha kuvumilia jirani na Bibi na madereva, hakuweza kuvumilia hili. Aliona kwamba yuko pale amesimama salama, na mtu anapigwa mbele yake kwa kosa lake.

"Si yeye," alisema.

Taratibu aligeuka. "Mama Watoto."

"Si yeye, bosi. Oili nilinunua mimi. Yeye alikataa. Alisema gari ni mzee halitaiweza, mimi nikamlazimisha. Ujinga ni wangu. Mume wangu hana kosa hata moja."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza alisikia mwili unakuwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu kile kilima. Alidhani amemtua mumewe mzigo.

Tajiri aliwatazama, mmoja kisha mwingine, na uso wake ukaanza kufunguka. Kilianza kicheko cha tumboni, kikapanda taratibu. Akageukia mlango wa ndani.

"Mke wangu! Njoo usikie!"

Mke wa Tajiri alitokea, nywele zake zikiwa zimesukwa vizuri sana.

"Kumbe gari lile alikuwa haendeshi yeye," Tajiri alimwambia. "Lilikuwa linaendeshwa na mkewe. Jamaa alijua kabisa halitakiwi, akaambiwa tia, akatia." Akamrudia Taratibu, akipangusa macho. "Mjinga ningekuelewa, ndugu yangu. Mjinga anafundishika. Lakini mtu anajua, halafu mkewe akikunja uso anaacha kujua? Sasa funguo asubuhi nimpe nani, wewe au yeye?"

"Utanipa mimi, bosi," Taratibu alisema. Alikuwa anatabasamu. Ni tabasamu lile aliloweka kwa abiria waliomtukana.

Mke wa Tajiri aliguna, "Jamani, mwacheni," lakini naye alikuwa anacheka, na alikuwa hakumbuki hata kidogo kwamba habari za sintetiki ziliwahi kutoka kinywani mwake. Karatasi ikaletwa. Taratibu akatia sahihi. Msusi naye akatia, pale alipoonyeshwa kwa kidole. Tajiri akasema mshahara utakuwa pungufu kidogo ya ule wa zamani mpaka amwone kama amejirekebisha, na kesho alfajiri awepo getini.

*

Walirudi kwa miguu. Mumewe alitangulia hatua chache, shati la kola limemlowa mgongoni. Msusi alimfuata, ule wepesi aliousikia barazani ukiwa umekwisha kabisa. Alitaka agombezwe. Alitaka hata apigwe kelele njiani, watu wasikie.

Walipofika karibu na nyumbani Taratibu alisimama.

"Mama Watoto."

"Abee."

"Lile kosa ungeniachia."

"Nisingeweza. Alikuwa anakuita mjinga, mbele yangu."

"Nilijua ataniita. Nilijua tangu napiga pasi shati." Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Draya huna, kwa ajili yangu. Gari hatuna. Nikasema basi nikupe hilo moja, usitajwe mahali. Ndicho kitu nilichokuwa nacho."

Mlangoni Bibi alikwisha kuwaona, akauliza kwa sauti wamekwenda wamepata nini huko.

"Nimepata kazi, mama," Taratibu alisema, akaingia ndani kuvua shati, maana kesho angelihitaji.